Kuchagua kinoo na vifaa vingine vya kutunza visu: mwongozo kwa majiko na mwalo wa Tanga

Ukipita asubuhi kwenye mwalo wa Deep Sea, au ukisimama pembeni ya soko la Mgandini pale mama lishe wanapomenya viazi, utaona visu vingi na vinoo vichache. Kisu kinanunuliwa, kinakata vizuri wiki mbili tatu, kikianza kukataa kinasuguliwa kwenye ngazi ya saruji, kikikataa kabisa kinatupwa na kununuliwa kingine. Hiyo ni hasara ya bure. Kisu cha kawaida cha jikoni kina chuma cha kuhudumia nyumba kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kifaa kimoja kinachokifaa na muda mfupi wa kukitumia.

Tena kisu butu ndicho kinachojeruhi. Kisu kikali kinaingia pale ulipokiweka. Kile butu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza juu ya ganda la kitunguu au magamba ya changu, na nguvu yote ile inaishia kwenye vidole.

Usianze dukani. Anza na kisu ulichonacho.

Hatua ya 1: Kikague kisu kwenye mwanga

Shika kisu makali yakiwa juu, simama chini ya taa au karibu na dirisha, kisha kigeuzegeuze polepole. Makali mazima hayarudishi mwanga kwa sababu ni membamba mno. Ukiona mstari mweupe unaong'aa kutoka karibu na mpini hadi kwenye ncha, makali yamelika. Ukiona vimeremeto vya hapa na pale, hayo ni mapengo, na mara nyingi yameletwa na mfupa, sahani au kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu.

Kuna hali ya tatu ambayo wengi hawaijui: makali hayajaisha, yamelala tu upande mmoja. Ukingo wa kisu ni mwembamba kiasi kwamba ukigongagonga ubao siku nzima unapinda kidogo. Jana kisu kilikata, leo kinasuasua, na ukikiweka kwenye mwanga huoni mstari wowote mpana. Hiki hakihitaji kunolewa, kinahitaji kunyooshwa tu. Ukikinoa kila mara kinapofika hapo unakula chuma bila sababu.

Kwa hiyo jiulize: yamelala, yamelika, au yana mapengo? Jibu lako ndilo litakalokuonyesha kifaa cha kununua.

Hatua ya 2: Kijue chuma chake

Katakata ndimu au embe bichi, uache kisu dakika chache bila kukiosha. Kikipata madoa meusi au ya bluu, ni chuma cha kaboni. Hivi ndivyo yalivyo mapanga mengi, visu vya zamani, na visu vinavyofuliwa na wahunzi kutokana na springi za magari. Kikibaki kinang'aa, ni chuma kisichoshika kutu upesi, kile ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 na ambacho leo kimejaa madukani.

Chuma cha kaboni ni rahisi kunoa, ila hewa ya bahari hapa Tanga haikisamehe: ukikiacha na maji usiku kucha, asubuhi kina kutu. Kisichoshika kutu kinastahimili chumvi zaidi, lakini kile cha bei nafuu ni laini na kina ubishi kwenye jiwe, kwa sababu chuma kinajikunja ukingoni badala ya kukatika. Wapo wanaosema visu hivyo havinoleki. Vinanoleka, ila vinataka subira zaidi mwishoni, na nitaeleza namna.

Ugumu nao hutofautiana. Kwa kipimo cha Rockwell, visu vingi vya jikoni vya Ulaya na vile vinavyofanana navyo viko kati ya 54 na 58. Visu vyembamba vya Kijapani mara nyingi vinapita 60. Panga ni laini zaidi, na limefanywa hivyo kwa makusudi ili liweze kunolewa kwa tupa huko shambani. Ndiyo maana tupa inalitafuna panga, lakini ukiipitisha kwenye kisu kigumu inateleza bila kuuma. Ikiteleza, iache. Utaharibu tupa na kisu hutakipata.

Hatua ya 3: Chagua kifaa

Nianze na vile visivyonunuliwa, maana ndivyo vinavyotumika zaidi.

Ngazi ya saruji inanoa kweli. Ndani ya saruji kuna mchanga, na mchanga wenye kwatzi una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile kinachopanga ugumu wa mawe na madini kutoka 1 hadi 10, wakati chuma cha kisu kiko karibu na 5.5 hadi 6. Tatizo ni kwamba punje za mchanga hazilingani: hii ndogo, ile kubwa kama mbegu ya mchicha. Ile kubwa inachana ukingo, kisu kinatoka na makali yenye meno mabaya, kinakata nyama siku moja na kesho yake kimerudi palepale. Mawe ya matumbawe ya ufukweni na mawe ya chokaa kama yale ya mapango ya Amboni hayafai kabisa, kwa sababu chokaa ina ugumu wa 3 tu. Hapo ni kisu kinachokwangua jiwe.

Chini ya sahani au kikombe cha udongo mweupe ni bora kuliko ngazi. Kigeuze kikombe utaona pete isiyong'aa, ambayo haikupakwa rangi ya kioo. Pete hiyo ni ngumu na punje zake ni laini. Kwa kisu ambacho makali yamelala au yamechoka kidogo, mipigo michache kila upande inatosha kumaliza mapishi ya leo. Haitarudisha kisu kilicholika.

Sasa vya kununua. Ukiniuliza nyumba moja inunue nini ikiwa ni kimoja tu, nitakujibu bila kusita: kinoo cha pande mbili, upande mmoja wenye punje nene na mwingine laini. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, na mara nyingi ni cha kijivu au cheusi, kimetengenezwa kwa silikoni kabaidi. Mmarekani Edward Acheson aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1893, ambao kwa bahati ndio mwaka uleule mkonge ulipoletwa pwani hii yetu. Ugumu wake uko juu ya 9, kwa hiyo hakuna kisu cha jikoni kitakachoishinda.

Angalia namba. Namba ndogo ina maana ya punje nene, namba kubwa punje laini. Vinoo vya kawaida vya dukani vina namba kama 120 kwa 240. Vinafaa kwa mapanga, mashoka na kisu chenye mapengo, lakini kwa kisu cha kachumbari punje zake ni nene mno. Ukipata chenye 400 kwa 1000, chukua hicho. Namba 1000 ndiyo kazi yote ya jikoni: nyanya, vitunguu, mchicha, nyama bila mfupa. Namba 3000 kwenda juu ni kwa anayetaka kupasua minofu myembamba ya samaki kama nguru au jodari ili ngozi itoke nzima. Nyumba ya kawaida haina haja nayo.

Kinoo kikikosekana, kuna njia ambayo nawashauri vijana wasio na fedha nyingi: msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi rangi za magari. Nunua karatasi tatu za namba 240, 600 na 1000, uzilaze juu ya kipande cha kioo kinene au kigae bapa cha sakafuni, uzilowanishe zishike. Inanoa vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba karatasi inaisha, na lazima kisu ukivute kwa kurudi nyuma tu, mgongo ukitangulia. Ukisukuma makali mbele utaichana.

Bamba la almasi ni zuri na ni ghali. Ni bamba la chuma lililopakwa punje za almasi, linakula upesi hata visu vigumu, halitaki kulowekwa, wala haliliki katikati kama jiwe. Ukilikandamiza unang'oa zile punje na fedha yako inaondoka nazo. Kwa mwenye mgahawa anayenoa visu vingi kila wiki, linajilipa.

Tupa: kwa panga, jembe na mundu. Basi.

Fimbo ya chuma, ile ndefu yenye mpini unayoiona kwenye bucha, ina kazi yake, lakini hainoi. Inanyoosha makali yaliyolala. Wauza nyama wasio na fimbo hupitisha makali ya kisu kimoja kwenye mgongo wa kingine, na kwa kazi hiyo ya kunyoosha inasaidia kidogo. Fimbo ya kauri ni tofauti, yenyewe inakula chuma kidogo na kwa hiyo inanoa na kunyoosha pamoja. Mama lishe anayekata kutwa atafaidika na fimbo pamoja na kinoo. Nyumba ya watu watano haihitaji.

Kuna kile kidude cha plastiki chenye mfereji, unapitisha kisu katikati mara tatu unasikia kinakwaruza. Nakisema vibaya kwa sababu nimeona visu vilivyopita humo. Ndani kuna vipande viwili vya chuma kigumu vilivyokaa kwa pembe moja isiyobadilika, na vinachimba chuma badala ya kukisugua. Kisu kinaonekana kikali siku hiyohiyo, lakini ukingo umechanika, na baada ya miezi unakuta kimeliwa mawimbi, karibu na mpini pamebaki kisigino kinachozuia makali yaliyo mbele yake yasiguse ubao. Fedha ya kidude hicho weka kwenye kinoo.

Mwisho, mnoa visu wa baiskeli mwenye cherehe, na fundi mwenye grenda. Wa baiskeli anazungusha jiwe kwa miguu, kasi yake ni ya kibinadamu, na akiwa mzoefu anafanya kazi nzuri, hasa kwa kisu chenye mapengo makubwa au ncha iliyovunjika. Mwombe alowanishe jiwe. Grenda ya umeme ni habari nyingine. Ukingo wa kisu ni mwembamba na unapata moto kwa sekunde. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya njano ya majani makavu, kimefika kama nyuzi 220 za Selsiasi. Kikigeuka bluu, kiko karibu na 300, na hapo ugumu umeshaondoka. Kisu hicho kitakuwa butu kila siku pale palipoungua, hadi sehemu ile yote isuguliwe iishe. Fundi asiye na ndoo ya maji pembeni ya grenda, usimpe kisu chako.

Hatua ya 4: Kikague kinoo kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji akitoe kwenye boksi. Weka rula juu yake kwa urefu na kwa mshazari, uangalie kama kuna mwanga unaopita chini. Kilichopinda kipya kitakusumbua tangu siku ya kwanza. Pitisha kidole: punje zisikike sawasawa, pasiwe na kijiwe kinachochomoza. Angalia pale pande mbili zilipogundishwa, pasiwe na ufa. Urefu usipungue sentimita 15, na 20 ni bora zaidi, kwa sababu kwenye jiwe fupi mkono hauna nafasi ya kutulia na pembe inayumba.

Hatua ya 5: Noa

Kama kinoo chako ni cha maji, kiloweke hadi mapovu yaache kutoka, kama dakika kumi. Kile cha kawaida cha kijivu kinakubali maji au mafuta mepesi ya cherehani. Ukishakitia mafuta endelea na mafuta, maana maji hayataingia tena vizuri. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda, yanakuwa kama gundi, na jiwe linaziba.

Tandika kitambaa kilicholowana juu ya meza na uweke jiwe juu yake lisiteleze, upande wa punje nene ukiwa juu.

Sasa pembe, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwa visu vingi vya jikoni pembe nzuri ni kama nyuzi 20 kila upande, kwa vile vyembamba vya Kijapani 15. Hakuna mtu mwenye kipimo cha pembe jikoni, kwa hiyo tumia upana wa kisu: inua mgongo juu ya jiwe kwa theluthi moja ya upana wa bapa, utapata karibu nyuzi 20. Kisu cha upana wa milimita 45, mgongo uinuke milimita 15. Ukiinua robo ya upana utapata karibu 15. Panga na kisu cha kuvunjia mifupa vinataka pembe kubwa zaidi, ukingo usimenyeke.

Chukua maka peni, upake wino ukingo wote pande mbili. Piga mipigo miwili mitatu kisha utazame. Wino ukitoka juu kidogo na kubaki kwenye makali yenyewe, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye makali tu, umekiinua mno. Ukitoka wote, hiyo ndiyo pembe yako, shika hapo.

Sukuma kisu mbele kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe, ukianzia karibu na mpini na kuishia kwenye ncha. Vidole viwili vya mkono wa pili vikae juu ya bapa, nyuma ya makali, vikisindikiza. Rudi mwanzo, rudia. Ukifika kwenye ncha, inua mpini kidogo ili ule mviringo wa mbele nao uguse.

Nguvu ni ndogo kuliko unavyodhani. Pale Deep Sea kuna bibi muuza samaki ambaye kisu chake kimeshapungua upana kwa kunolewa hadi kimekuwa chembamba kama kidole, na bado kinapasua kibua kwa mkato mmoja. Kijana aliyekuwa akimsaidia aliomba akinoe yeye.

"Shikamoo bibi. Na mimi naweza kukinoa hicho?"

"Marahaba mwanangu. Haya, noa nikuone."

Kijana akakikandamiza mpaka jiwe likapiga kelele. Bibi akamshika kiwiko.

"Usikikandamize. Jiwe lina meno yake, wewe lipelekee tu."

Kisha akamwonyesha: maji kidogo, mkono mwepesi, na sauti ya jiwe ikawa moja, haipandi wala haishuki. Sauti hiyo ni kipimo kizuri. Ikibadilika, pembe imebadilika.

Endelea upande mmoja hadi chuma kijikunje upande wa pili. Ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea makali, na kamwe si kwa kufuata urefu wa makali, utahisi kitu kinakwama kama kingo ya bati. Mkunjo huo unapopatikana kuanzia mpini hadi ncha, ujue upande ule umeisha. Usipoupata, hujafika, hata kama mkono umechoka. Watu wengi huishia hapa, kisha husema jiwe ni baya.

Geuza kisu, fanya upande wa pili hadi mkunjo urudi ulikotoka. Kisha hamia upande laini wa jiwe, rudia kwa mkono mwepesi zaidi. Mwishoni piga mpigo mmoja upande huu, mmoja upande ule, ukipunguza nguvu hadi kisu kinabebwa na uzito wake tu. Hii ndiyo subira niliyoitaja kwa visu laini visivyoshika kutu: mkunjo wao unang'ang'ania, unayumba huku na huku bila kukatika. Malizia kwa kukivuta kisu, mgongo ukitangulia, juu ya mkanda wa zamani wa ngozi au gazeti lililolazwa juu ya jiwe, mara kumi hivi kila upande.

Osha kisu, kausha, jaribu. Karatasi ya gazeti ikatike bila kuchanika. Nyanya mbivu ikatwe kwa uzito wa kisu, ngozi isibonyee. Pale gazeti linapokwama, ndipo mkunjo ulipobaki.

Hatua ya 6: Kitunze kisibutuke

Kata juu ya ubao wa mti au wa plastiki, usikate juu ya sahani, kigae wala sinia la bati. Usikusanye vitunguu kwa kuvisukuma na makali, geuza kisu utumie mgongo. Kupaa magamba ya samaki pia ni kazi ya mgongo. Mbuzi ya nazi ipo kwa ajili ya nazi, na kopo lina kifunguo chake.

Baada ya samaki, ndimu au maji ya bahari, suuza kwa maji baridi na ukaushe hapohapo. Kisu cha kaboni kipake tone la mafuta ya nazi kabla ya kukiweka. Usikirushe kwenye kikapu pamoja na vijiko: kipande cha boksi kilichokunjwa na kufungwa kamba kinatosha kuwa ala.

Nyumba ya kawaida inayotunza hivi itanoa mara moja kila mwezi au miwili. Mama lishe, kila wiki, pamoja na fimbo kila asubuhi. Wapasua samaki wananoa kila siku na hawana budi, magamba na mifupa havina huruma.

Karibu na Idd el-Hajj mahitaji hubadilika. Kisu cha kuchinjia kinatakiwa kiwe kikali kuliko vyote vya nyumbani, kwa maana Mtume (S.A.W.) ameamrisha anayechinja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama. Kinoe siku moja kabla, hadi namba 1000 au zaidi, bila pengo hata dogo, na kisinolewe mbele ya mnyama. Usikitumie kwa mifupa. Weka kisu kingine cha kugawia nyama.

Kinoo nacho kinalika. Katikati patakuwa na bonde, na juu ya bonde pembe haishiki. Kila baada ya minoo kadhaa, weka rula juu yake. Ukiona mwanga, chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote, lisugue juu ya msasa wa namba 120 uliolazwa kwenye kigae, ukitia maji, hadi mistari yote ifutike. Lisuuze, liache likauke kivulini. Jiwe la maji likikaushwa juani upesi linaweza kupasuka.